Faili Hili Ni la Kifurushi Gani? Namna ya Kuiuliza Linux Yenyewe

Kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja:

```
ImportError: libGL.so.1: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Programu ya kusoma picha za stakabadhi, iliyokuwa ikienda vizuri kwenye laptopu yangu wiki nzima, iligoma kuwaka kwenye seva. Nilinakili ujumbe ule, nikautafuta mtandaoni, nikapata jibu ambalo watu wengi walikuwa wamelishukuru: sakinisha `libgl1-mesa-glx`. Nikajaribu. Apt, chombo cha Debian na Ubuntu cha kusakinisha vifurushi (mabunda ya mafaili ya programu), ikanijibu kwamba kifurushi hicho hakipatikani. Jibu lile lilikuwa sahihi siku lilipoandikwa. Kifurushi kilikuwapo miaka mingi, baadaye kikabaki jina tupu la kumwelekeza mtu kwa mrithi wake, na katika Ubuntu 24.04 na Debian 13 kikaondolewa kabisa. Saa nzima ilinipotea nikijaribu majina yanayofanana na hilo, ilhali jina la faili lililokosekana lilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo.

Majina ya vifurushi hubadilika kila toleo, na kila familia ya Linux ina majina yake. Majina ya mafaili hayabadiliki ovyo, kwa sababu programu zimejengwa zikiyategemea. Kwa hiyo lishike jina la faili, kisha uiulize mashine yako ni kifurushi gani kinalileta. Nitaeleza zaidi kwa Debian na Ubuntu, maana ndizo ninazozitumia kila siku, kisha nitagusa Fedora, Arch na Alpine.

## Hatua ya 1: Chomoa jina la faili kwenye kosa

Ujumbe wa kosa unaweza kuwa na mistari hamsini, lakini faili linalotafutwa huwa moja. Liangalie kwa umbo lake.

Likiishia na `.so` au `.so.` na namba, ni maktaba ambayo programu huipakia inapoanza. Tafuta jina lote pamoja na namba: `libssl.so.1.1` na `libssl.so.3` ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakiwezi kukaa mahali pa kingine.

Likiishia na `.h`, kama `Python.h` au `libpq-fe.h`, unajenga programu kutoka msimbo chanzo na kikusanyaji (compiler) kimekosa maelezo ya maktaba fulani. Katika Debian mafaili haya karibu siku zote hukaa kwenye kifurushi chenye jina linaloishia na `-dev`. Maktaba yenyewe unaweza kuwa nayo tayari na bado ukakosa `.h` yake.

Ukiambiwa `command not found`, kinachokosekana ni faili la programu, na kwa kawaida hukaa ndani ya `/usr/bin` au `/usr/sbin`.

Wakati mwingine kosa linataja jina moja tu kati ya mengi yanayokosekana, nawe ukishaliweka hilo linazuka la pili, kisha la tatu. Usisubiri yaje moja moja. Iulize programu orodha nzima kwa pamoja:

```
ldd /njia/ya/programu | grep "not found"
```

`ldd` inafanya kazi kwa faili la programu na kwa faili la `.so` pia. Tahadhari moja: usiitumie kwa programu uliyoipata kwa mtu usiyemwamini, kwa sababu katika hali fulani `ldd` inaweza kuiendesha programu yenyewe.

## Hatua ya 2: Kifurushi kimo ndani ya mashine?

Kuna maswali mawili hapa, na kila moja lina chombo chake. La kwanza: faili hili lililomo kwenye mashine yangu lililetwa na nani? La pili: faili hili nisilokuwa nalo litaletwa na nani? Wanaoanza huyachanganya, wakatumia chombo cha swali la kwanza kujibu la pili, wakaondoka na imani kwamba kifurushi hakipo duniani.

Kwa swali la kwanza, Debian na Ubuntu wana dpkg, chombo kinachotunza kumbukumbu za vifurushi vilivyosakinishwa. Amri yake ni `dpkg -S`:

```
$ dpkg -S /usr/bin/dig
bind9-dnsutils: /usr/bin/dig
```

Jibu linasomeka hivi: kabla ya nukta mbili ni kifurushi, baada yake ni faili. Amri hii haihitaji intaneti wala mamlaka ya msimamizi. Inachofanya ni kusoma orodha zilizomo kwenye saraka ya `/var/lib/dpkg/info`, ambamo kila kifurushi kilichosakinishwa kina faili la `.list` lenye kila kitu kilichokuja nacho.

Andika njia kamili kila unapoweza. Ukiandika `dpkg -S dig` tupu, utaletewa kila njia yenye herufi hizo popote zilipo, hata kurasa za maelezo, na skrini itajaa.

Kuna mtego mmoja ambao umewachanganya watu wazoefu. Kwenye Debian 12, jaribu hivi:

```
$ dpkg -S /usr/bin/ls
dpkg-query: no path found matching pattern /usr/bin/ls
$ dpkg -S /bin/ls
coreutils: /bin/ls
```

Faili ni lilelile. Siku hizi `/bin` ni kiungo tu kinachoelekeza `/usr/bin`, lakini dpkg hulinganisha maandishi ya njia kama kifurushi kilivyoyaandika, na `coreutils` ya Debian 12 bado iliandika `/bin/ls`. Basi ukikosa jibu kwa njia inayoanza na `/usr`, iondoe `/usr` ujaribu tena kabla ya kukata tamaa. Katika Debian 13 vifurushi vimehamishiwa `/usr`, kwa hiyo huko tatizo linageuka: yenye `/usr` ndiyo inayojibu.

Mtego wa pili ni wa viungo. Ukiuliza `/usr/bin/java` ni ya nani, dpkg itakuambia haijui, kwa sababu hicho ni kiungo kilichotengenezwa wakati wa usakinishaji ili uweze kuchagua kati ya matoleo kadhaa ya Java. Fuata kiungo mpaka mwisho wake:

```
dpkg -S "$(readlink -f "$(command -v java)")"
```

Hapo utapata jibu kama `openjdk-17-jre-headless:amd64`.

## Faili lipo lakini halina mwenyewe

Hii inastahili kukaa nayo kidogo, kwa sababu majibu yake hufichua mengi kuhusu seva uliyorithi kwa mtu mwingine.

dpkg ikisema haina habari na faili, na umeshajaribu kuondoa `/usr` na kufuata viungo, kuna uwezekano kadhaa. Faili linaweza kuwa limetengenezwa na hati ya usakinishaji (skripti inayoendeshwa kifurushi kinapowekwa) badala ya kuja ndani ya kifurushi. Mfano mzuri ni `/etc/ssh/sshd_config` katika Debian: kila mwenye seva analifahamu, lakini dpkg hailitambui, kwa kuwa kifurushi cha `openssh-server` huleta nakala chini ya `/usr/share/openssh` na chombo kiitwacho ucf ndicho kinachoiweka mahali pake. Kwa mafaili ya namna hiyo uliza hivi:

```
ucfq /etc/ssh/sshd_config
```

Likiwa chini ya `/usr/local`, ujue liliwekwa na mtu kwa mkono, au na `pip`, au na `make install`. Huko dpkg haigusi. Imeji ya kontena (kiolezo cha mfumo mdogo unaoendeshwa kwa kutengwa ndani ya mashine) ya `python:3.12-slim` ni hivyohivyo: imejengwa juu ya Debian, lakini Python yake imekusanywa kutoka msimbo chanzo na kuwekwa `/usr/local`. Watu wengi husakinisha `python3-dev` ndani yake ili kupata `Python.h`, wakajaza kontena kwa Python ya pili wasiyoihitaji. `Python.h` ya Python ile ya kwanza imo tayari, chini ya `/usr/local/include/python3.12`.

Uwezekano wa mwisho ndio unaoniuma. Niliwahi kukabidhiwa seva ya ofisi moja ambayo ndani ya `/usr/lib/x86_64-linux-gnu` mlikuwa na `libssl.so.1.1`, na dpkg ilisema haina mwenyewe. Mtu alikutana na kosa la maktaba kukosekana, akaipakua kutoka tovuti asiyoijua, akaitupia humo. Programu ikawaka, akaenda nyumbani. Lakini hiyo ni maktaba inayoshika nywila na mawasiliano ya siri ya wateja. Hakuna aliyejua nani aliikusanya, na kwa kuwa si ya kifurushi chochote, hakuna `apt upgrade` ambayo ingekuja kuirekebisha. Tafadhali usifanye hivyo, hata ukiwa na haraka namna gani.

## Hatua ya 3: Kutafuta faili usilokuwa nalo

Hapa `apt search` haisaidii. Orodha ambayo apt huvuta kwa kawaida ina majina ya vifurushi, maelezo yake na utegemezi wake. Mafaili yaliyomo ndani hayaorodheshwi humo. Hazina za Debian na Ubuntu zina orodha nyingine, iitwayo Contents, yenye kila faili na kifurushi chake. Chombo cha kuisoma ni apt-file:

```
sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
```

Amri ya pili huvuta makumi ya megabaiti. Ukiwa kwenye bando la simu, ifanye ukiwa na Wi-Fi. Tena, kuanzia hapo kila `apt update` itazikagua orodha hizo na kuzivuta upya zikibadilika, kwa hiyo ukishamaliza shida yako unaweza kuiondoa kwa `sudo apt purge apt-file`. Asiye na bando kabisa afungue packages.debian.org au packages.ubuntu.com, ateremke hadi kwenye sehemu ya kutafuta yaliyomo ndani ya vifurushi, achague toleo lake, aandike jina la faili. Jibu ni lilelile, na linakuja kwa kilobaiti chache.

Sasa uliza:

```
$ apt-file search libGL.so.1
libgl1: /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libGL.so.1
libgl1: /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libGL.so.1.7.0
```

Kumbe ni `libgl1`. Unaweza kuona mistari mingine pia, ya vifurushi vinavyoweka faili la jina hilo kwenye saraka zake vyenyewe. Kanuni yangu ya kuchagua ni kuangalia mahali. Maktaba ya kweli ya mfumo inakaa moja kwa moja ndani ya `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`, bila saraka nyingine katikati. Programu ya kawaida inakaa moja kwa moja ndani ya `/usr/bin`.

Majina mafupi huleta mafuriko. `apt-file search dig` itakuletea maelfu ya mistari, maana herufi hizo tatu zimo ndani ya maneno mengi. Ibane kwa `-x`, na uweke alama ya dola kuonyesha kwamba njia iishie hapo:

```
$ apt-file search -x '/bin/dig$'
bind9-dnsutils: /usr/bin/dig
```

Mfano mwingine ambao kila anayejifunza Django hukutana nao: anasakinisha `psycopg2` (kiunganishi cha Python na hifadhidata ya PostgreSQL) na kuambiwa `pg_config executable not found`. Wengi husakinisha seva nzima ya PostgreSQL kwa sababu jina la kosa linanukia PostgreSQL. Uliza kwanza:

```
$ apt-file search -x 'usr/bin/pg_config$'
libpq-dev: /usr/bin/pg_config
```

Hata ukiona mstari wa kifurushi kingine, kinachokutosha ni `libpq-dev`: kifurushi kimoja kidogo, na kosa hilo limekwisha.

Kwa `Python.h` utapata zaidi ya jibu moja, mojawapo `libpython3.11-dev` kwenye Debian 12, na PyPy (utekelezaji mwingine wa Python) nayo ina `Python.h` yake. Hapa usichukue jibu kama lilivyo. Sakinisha `python3-dev`, kifurushi mwavuli ambacho huvuta kile kinacholingana na Python ya mfumo wako. Ukisharuka kwenda toleo jipya la Debian, amri yako haitakufa kwa sababu ya namba.

Na je, apt-file ikinyamaza? Kwanza hakikisha ulifanya `apt-file update`. Pili, tafuta kipande kifupi zaidi cha jina. Ukiuliza `libssl.so.1.1` kwenye Debian 12 hutapata kitu, lakini ukiuliza `libssl.so` utaona `libssl3` yenye `libssl.so.3`. Kimya hicho ni jibu kamili: programu yako ilijengwa kwa ajili ya mfumo wa zamani, na dawa ni kutafuta toleo lake lililojengwa upya. OpenSSL 1.1.1 yenyewe iliacha kupata marekebisho ya bure tangu Septemba 2023, kwa hiyo kuirudisha si suluhisho.

## Ndani ya kontena

Usiweke apt-file ndani ya Dockerfile ya kazi, yaani faili la maelekezo ya kujenga imeji. Washa kontena la kutupa, la imeji ileile unayoitumia, ufanyie upelelezi humo:

```
docker run --rm -it python:3.12-slim bash
cat /etc/os-release
apt update && apt install -y apt-file && apt-file update
apt-file search libGL.so.1
```

Mstari wa `os-release` usiuruke. Ndio unaokuambia uko Debian gani, na imeji yenye jina lilelile inaweza kuhamishwa kutoka Debian moja kwenda nyingine wewe ukiwa umelala. Ukishapata jina, liandike kwenye Dockerfile yako, kontena la upelelezi litafutika lenyewe ukitoka.

Kwa ile programu yangu ya stakabadhi, upelelezi ulinipeleka mbali kidogo. Nilipojua kwamba `libGL.so.1` ni maktaba ya kuchora kwenye skrini, nilijiuliza seva isiyo na skrini inaitaka ya nini. OpenCV ya Python, maktaba ya kuchakata picha ambayo programu yangu iliitumia, inapatikana pia kwa jina la `opencv-python-headless`, isiyofungua madirisha na isiyohitaji libGL. Niliibadilisha, sikusakinisha chochote kutoka Debian. Kabla ya kuweka kifurushi, soma kidogo kinafanya nini: `apt show libgl1` inatosha.

## Nje ya Debian

Kwenye Fedora, Rocky na AlmaLinux, faili lililopo unaliuliza kwa `rpm -qf /usr/bin/dig`, na lisilokuwapo kwa `dnf provides '*/bin/dig'`, ambayo itakutajia `bind-utils`. Hizo alama za kunukuu ni lazima, la sivyo shell itaitafsiri nyota yenyewe kabla dnf haijaiona. Huko `libGL.so.1` inatoka `libglvnd-glx`, na `Python.h` inatoka `python3-devel`. Ndiyo maana amri iliyonakiliwa kutoka mwongozo wa Ubuntu haifui dafu kwenye Rocky. openSUSE nayo hutumia `rpm -qf`, na kwa amri zinazokosekana ina `cnf dig`.

Arch: `pacman -Qo /usr/bin/dig` kwa lililopo. Kwa lisilokuwapo, vuta orodha kwa `sudo pacman -Fy`, kisha `pacman -F dig`.

Alpine: `apk info --who-owns /bin/ls`, na usishangae ukijibiwa kwamba ni ya busybox, maana amri nyingi za Alpine ni viungo vya programu hiyo moja. Kwa kutafuta, `apk search cmd:dig` au `apk search so:libGL.so.1`.

Na anayejifunzia kwenye simu ya Android kwa Termux (programu inayoleta amri za Linux kwenye simu) asijione ameachwa. Termux inatumia dpkg na apt, kwa hiyo `dpkg -S $PREFIX/bin/ls` inajibu vizuri kabisa.

## Faili lililofutwa kwa bahati mbaya

dpkg husoma orodha yake, haiangalii diski, kwa hiyo hata faili ulilolifuta dakika moja iliyopita bado inalijua mwenyewe. Tuseme umefuta `/etc/nginx/nginx.conf`:

```
$ dpkg -S /etc/nginx/nginx.conf
nginx-common: /etc/nginx/nginx.conf
```

Watu husakinisha upya `nginx` mara tatu na faili halirudi. Kuna sababu mbili. Mwenye faili ni `nginx-common`, sio `nginx`. Halafu, faili la mipangilio likifutwa, dpkg huchukulia kwamba umelifuta kwa kutaka, nayo huheshimu uamuzi wako. Iambie wazi ilirudishe:

```
sudo apt install --reinstall -o Dpkg::Options::="--force-confmiss" nginx-common
```

Litakalorudi ni faili la kiwandani. Marekebisho yako uliyoyaandika humo hayatakuwamo. Kama hujui ni mafaili mangapi yamepotea, `dpkg -V nginx-common` itakuonyesha yaliyokosekana na yaliyobadilishwa.

## Kosa linalodanganya

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu faili linalotajwa silo linalokosekana. Kwenye maabara ya shule moja nilikuwa nikiweka dereva la printa la zamani. Nikaendesha programu yake, nikajibiwa `No such file or directory`. Nikafanya `ls`: faili lipo, na lina ruhusa zote za kuendeshwa. Nilidhani diski imeharibika.

Hali kama hiyo ikikupata, tumia amri ya `file`:

```
$ file ./setup
./setup: ELF 32-bit LSB executable, Intel 80386, ... interpreter /lib/ld-linux.so.2 ...
```

Programu ni ya biti 32, na kinachokosekana ni kile kilichotajwa baada ya neno `interpreter`, yaani kipakiaji kinachoziwasha programu za aina hiyo. Kerneli ilikitafuta hicho, haikukiona, ikaturudishia ujumbe bila kusema ni faili lipi. Sasa unalo jina, unarudi hatua ya tatu:

```
$ apt-file search ld-linux.so.2
libc6-i386: /lib/ld-linux.so.2
```

Nilisakinisha `libc6-i386`, dereva likawaka, kisha likadai maktaba nyingine mbili za biti 32. Kwa hizo ilibidi kwanza `sudo dpkg --add-architecture i386` na `sudo apt update`, halafu kusakinisha kila maktaba kwa jina lenye `:i386` mwishoni. Karatasi ya kwanza ilitoka saa kumi jioni, na mwalimu wa zamu akaanza kuchapa mitihani ya kidato cha pili.